Mashimo ya mama mkwe chini ya lifti ya Grasiana

Siku nondo ilipozama uani kwetu hapa Kamuli tulikuwa watu sita, na nawataja wote mapema ili asije mtu akasema nimetunga. Alikuwepo Grasiana, binti yangu wa tatu, fundi magari, ambaye shughuli yenyewe ilikuwa yake. Alikuwepo kaka yake mkubwa, Fulgensi, mwenye duka la vitenge Kayanga. Alikuwepo fundi Deogratias, wengi humwita Deo, ambaye kazi yake ni kusimamisha lifti za magari. Babu yake alikuja kutoka Burundi kulima vibarua kule Mabira, na mama yake namfahamu tangu hajaolewa, anaitwa Espedita. Alikuwepo wifi yangu Paskazia, dada wa marehemu mume wangu Sosteni. Alikuwepo Leonidas, jirani yetu wa mpaka mmoja, ambaye ujana wake wote aliutumia kukanyaga ndizi za pombe za mama mkwe wangu. Wa sita ni mimi, Adelina, bibi yenu.

Ninyi mnaojifunza ufundi mmekuwa mkija kuitazama hiyo lifti na kuuliza ilikuwaje. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Msomaji akichoka apumzike, anywe chai, arudi.

Mimi magari niliyajulia Kayanga, kwenye gereji ya Mzee Daudi, karibu na stendi. Sikuenda pale kuwa fundi. Nilikuwa nauza chai na maandazi, na siku za mvua wateja wakikosekana nilikaa ndani kwake nikiwaoshea mafundi vyuma kwa dizeli. Ukiosha chuma kila siku utakijua tu. Nikaanza kuziba pancha, nikapiga greisi, nikamwaga oili, mwisho nikawa nafungua breki mwenyewe na chai anauza mtu mwingine, Veneranda, aliyekuwa anaikoleza kwa tangawizi nyingi mno.

Mzee Daudi hakuiamini jeki hata kidogo. Alikuwa akisema, "Jeki ni mgeni asiyeaga. Utamkuta kaondoka." Kwa hiyo hata ukipandisha gari dakika chache tu, uweke mawe kwenye magurudumu na gogo chini ya chasisi, halafu ulisukume gari kwa bega. Likicheza, huingii. Fundi mmoja, Kasimiri, mtu wa maneno mengi, aliona hayo ni woga wa wazee. Akainua gari la mbao bila gogo, akajilaza, akakumbuka kwamba kasahau spana, akatoka kuifuata. Alipofika kwenye boksi la vifaa jeki ikaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo Kasimiri alikuwa akiweka magogo mpaka Mzee Daudi anamwuliza kama anajenga banda la mbuzi.

Baadaye tukachimba shimo la kusimama ndani, gari likae juu. Tuliona tumeendelea. Lakini nyinyi mnazijua mvua za huku. Shimo lilijaa maji, mbuzi wa Veneranda akatumbukia, spana zikazama tukawa tunazivua kwa sumaku ya spika ya redio mbovu. Na kuna jambo ambalo ningependa mlishike: mvuke wa petroli ni mzito, hushuka ukatulia chini shimoni kama maji. Ukiingia na sigara, au ukakaa humo muda mrefu unafungua tangi, unaweza usitoke. Kwa hiyo kazi nyingi tuliendelea kuzifanya juu ya boksi, yaani unachana katoni, unalitandika chini, unajilaza chali, unajivuta chini ya gari kwa visigino. Nimelala kwenye maboksi miaka mingi kuliko niliyolala kwenye godoro zuri.

Grasiana aliufuata ufundi wangu na akanipita. Ana sikio. Gari likiingia getini anajua ni bushi au ni beringi kabla dereva hajazima. Lakini boksi lilimla mgongo. Ilifika mahali akishuka chini ya gari anashuka mwenyewe, kuinuka lazima ainuliwe. Hospitalini wakamwambia wazi kwamba akiendelea kujilaza kwenye ardhi baridi na kujipindapinda, atatembea ameinama maisha yake yote. Aache, au abadilishe namna ya kufanya kazi.

Fulgensi alikuja nyumbani siku hiyohiyo. Mimi simlaumu, anampenda dada yake. Akamwambia dukani kuna nafasi, ni kukaa kwenye kiti tu na kukunjua vitenge. Grasiana alimsikiliza mpaka mwisho, tukadhani amekubali. Halafu akasema, "Nitakuwa nakunjua vitenge huku nasikiliza magari yanayopita nje. Mteja ataniuliza rangi, mimi nitamjibu shokapu."

Hapo ndipo alipoleta habari ya lifti. Ardhi haiwezi kumfuata yeye juu, basi gari limfuate. Akafunga gereji ya kupanga Kayanga, ili ajenge yake hapa nyumbani, kando ya barabara, na ndani yake isimame lifti. Isiposimama, kitabaki kiti cha vitenge. Sote tulilijua hilo.

Kuchagua lifti si kama kuchagua kitenge, nilimtania Fulgensi. Deo alikuja mara ya kwanza bila chombo chochote, akakaa na sisi, akawa anamwuliza Grasiana maswali kama daktari. Magari gani yanakuja kwako? Yanaumwa nini? Ndivyo inavyotakiwa, maana watu wengi wanaipenda lifti kwanza, kazi wanaifikiria baadaye. Kuna lifti ya nguzo nne. Gari linapanda kwenye njia mbili za chuma, linasimama kwa magurudumu yake kama limelala kitandani. Ni tulivu, na uzito wake unagawanyika sakafuni. Mimi niliipenda hiyo. Lakini barabara zetu zinaua nini? Bushi, shokapu, breki. Kazi hizo zinataka gurudumu lining'inie, na kwenye nguzo nne gurudumu limekanyaga, lazima utafute tena jeki ya kuinulia juu ya lifti. Yaani mgeni yuleyule amerudi.

Ya nguzo mbili ina mikono minne inayoshika gari chini ya chasisi, magurudumu yote yanabaki hewani. Hiyo ndiyo iliyomfaa Grasiana. Shida yake ni moja, na Deo hakuficha: nguzo mbili hazina miguu mingine. Zinasimama kwa boliti zilizozama kwenye zege, na zege linasimama kwa ardhi. Gari zima na aliye chini yake wanaiamini ardhi.

Mengine yalikwenda vizuri. Umeme wetu wa nyumbani ni wa fezi moja, kwa hiyo ikatafutwa mota ya fezi moja. Wapo walioleta mota ya fezi tatu kijijini ikabaki pambo. Kimo cha paa tulipima hivi: chukua gari refu kuliko yote utakayoinua, ongeza kimo cha fundi aliyesimama, ongeza na nafasi ya kupumua. Fulgensi alikuwa ameshataja mabati ya kimo cha kawaida, Deo akamwambia kwa kimo hicho gari litatoboa bati litazame mvua inakotoka.

Ikabaki kuchagua mahali, na hapo ndipo tulipokosea sote, kosa ambalo nadhani ni watu wa kibanja tu wanaoweza kulifanya.

Kibanja chetu kinashuka. Migomba na kahawa zimejaa mpaka ukutani, na makaburi ya wazee yako upande wa chini. Mahali tambarare ni pale tu, ule uwanja ulio mbele ya nyumba, mweupe, mgumu, hauoti hata nyasi. Jembe linaruka juu yake. Kila mtu aliyeulizwa alisema hapo, hata mimi. Ningesema wapi pengine? Nimefagia pale tangu nilipoolewa. Deo mwenyewe alipiga kisigino akasema panaonekana pazuri, lakini mwalimu wake alimfundisha asimwamini mtu hata mmoja kuhusu ardhi kabla ya kuichoma nondo. Akachukua nondo ndefu aliyoichonga ncha, Grasiana akashika nyundo kubwa, akakatazwa, Fulgensi akaipokea.

Mapigo ya kwanza nondo ilikataa. Ikaingia kiasi cha shubiri moja, kidogokidogo, Fulgensi anatoka jasho na kutazama viatu vyake. Halafu akapiga pigo moja kama mengine, na nondo ikazama. Ilishuka yenyewe, kama umechoma ndizi mbivu, karibu iondoke na mkono wake. Deo akaivuta, ikatoka na majivu meusi.

Tukatazamana. Paskazia ndiye aliyecheka kwanza. "Hilo ni shimo la mama," alisema.

Kwa msiojua, niwaeleze. Ndizi za pombe haziivi zote pamoja mtini. Mama mkwe wangu, Theodora, aliyekuwa mpishi wa rubisi anayejulikana mpaka Kayanga, alizivundika kwenye shimo. Unachimba, unawasha moto ndani shimo lipate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unazifunika kwa majani na udongo. Zikiiva zinafukuliwa, zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na nyasi kwa miguu. Na zilikanyagwa hapohapo uani, kila wiki, kwa miaka. Ile miguu ndiyo iliyoufanya uwanja kuwa mgumu. Juu tulikuwa na mwamba wa miguu ya watu, chini majani yaliyooza. Na shimo likichoka kuta zake zikaporomoka, Theodora alilifukia kwa takataka na migomba, akachimba lingine pembeni.

Deo akauliza kwa upole, "Mashimo yalikuwa mangapi, bibi, na yako wapi?"

Watoto, mimi najivunia kukumbuka majina. Nilimtajia watu wote waliowahi kukanyaga ndizi pale. Nilimtajia hata mbwa. Lakini mashimo hayakuwa na majina. Nilijua lile lililokuwepo nilipoolewa, karibu na jikoni. Paskazia akasimama katikati ya uwanja akasema shimo la utoto wake lilikuwa hapo alipokanyaga, hana wasiwasi. Leonidas akatikisa kichwa.

"Hapo ndipo ulipokuwa unakaa kuonja, dada. Shimo lilikuwa kule, kwenye mlango wa mbuzi."

"Wewe ulijuaje, Leonidas? Ulikuwa umelewa."

"Nilikuwa mkanyagaji. Mkanyagaji analewa miguu tu."

Wakabishana hivyo, na kila mmoja alikuwa sahihi, maana kila mmoja alikumbuka shimo la umri wake. Deo hakuingilia. Aliweka kipande cha mgomba kila mahali palipotajwa, akaenda anachoma nondo kimoja baada ya kingine, halafu akachoma na katikati ya vipande, na pembeni, mpaka uwanja ukawa kama ungo. Jioni ilipokaribia tulikuwa tunayajua yote. Mashimo yalipita kwenye mstari, yakikata palepale ambapo nguzo moja ya lifti ingesimama. Nguzo ya pili ingekuwa kwenye ardhi ngumu. Hiyo ni mbaya kuliko zote mbili kuwa laini, Deo alisema, maana moja ingezama mwenzake amesimama, na gari lingeinama hewani.

Fulgensi akaweka nyundo chini. Alizungumza polepole, kama mtu aliyekuwa anayabeba maneno njia nzima. "Grasi, mimi nadhani hapa tumeambiwa. Ardhi yenyewe imekataa. Kiti bado kipo."

Grasiana alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshika kiuno. Akamwuliza Deo, si kaka yake: tukifukua yote mpaka kwenye udongo ambao haujaguswa, je?

Deo akasema inawezekana, ila ni kufukua kweli, bila huruma, na kujaza kwa mawe na moramu, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa na kumwagiwa maji kabla ya lingine. Ukiacha majani kidogo tu yatakuja kuoza na zege litabaki linaning'inia. Akasema pia kwamba yeye hatafunga boliti hata moja mpaka nondo yake ikatae kila kona. Nilimpenda kwa hilo.

"Basi tufukue," alisema Grasiana. "Bibi Theodora alichimba peke yake kwa jembe, kwa ajili ya pombe. Sisi tutashindwa kufukua?"

Leonidas akavua koti.

Kazi ile haikuwa ya watu sita. Habari ilipanda na kushuka Kamuli kwamba mashimo ya Theodora yanafukuliwa, na watu wakaja na majembe. Alikuja Anaklet, akaja Modesta na wanawe, akaja mzee Nestori aliyedai kwamba alikunywa pale siku ya ubatizo wake, jambo ambalo mama yake angelikana. Sikuwapikia rubisi, Grasiana alikataza pombe mahali penye mawe na nyundo. Niliwapikia ndizi na maharage, na nilikuwa na akiba ya senene waliokaushwa. Walifukua majivu, vigae, kibuyu kilichopasuka, na majani yaliyokuwa bado yanaonyesha mishipa yake. Leonidas aliingia shimo la mwisho mwenyewe akasugua chini kwa mkono mpaka akagusa udongo mwekundu, mgumu, mkavu. Akaomba nondo. Fulgensi akashika nyundo, maana kila asubuhi alikuwa anakuja, hafungui duka mpaka mchana, na hasemi kwa nini. Akapiga. Nondo ikaruka.

Mawe yakaingia, moramu ikaingia, shindilia, maji, shindilia. Kisha nondo za kusuka, kisha zege, nene kuliko watu walivyozoea kwenye nyumba. Hapo niliona vijana wanataka kukimbia. Zege halikauki kama nguo, jamani. Zege linaiva, na linaiva kwa maji. Likinyauka mapema kwa jua linabaki unga uliojifanya jiwe. Tulilifunika kwa majani makavu ya mgomba na vigogo vyake vilivyopasuliwa, ambavyo hushika maji kama sifongo, nikawa naamka kumwagilia asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha. Paskazia alikuwa ananiuliza kama limeota. Watu walimsukuma Deo alete nguzo, naye akawajibu kwamba anasubiri ndizi ziive.

Zilipoiva alikuja. Paa lilikuwa limeshasimama juu yetu. Akatoboa, akapuliza vumbi lote kwenye matundu, maana vumbi linaifanya boliti ishike hewa, akasimamisha nguzo kwa pima maji, akafunga. Akamwambia Grasiana azirudie boliti baada ya kazi za mwanzo, na baadaye tena, kwa sababu chuma kipya nacho kinahitaji kukaa kitako.

Gari la kwanza lilikuwa pikapu ya Anaklet ya kubebea kahawa. Sikieni utaratibu, na msiufupishe. Gari likae katikati, uangalie uzito uko wapi, mbele kwenye injini ni kuzito. Mikono minne ishike mahali penye chuma kigumu, si kwenye bati linalobonyea. Liinue kidogo tu, magurudumu yaache ardhi, usimame, ulitikise kwa nguvu. Bega la Mzee Daudi lile. Likitulia, pandisha. Utasikia meno ya usalama yakilia pande zote mbili, kwa pamoja. Upande mmoja ukilia peke yake, shusha uanze upya. Ukifika unapotaka, lishushe kidogo likae kwenye meno, usiliache linashikwa na oili ya hidroliki peke yake.

Grasiana alifanya hivyo vyote. Pikapu ilipanda mbele yetu na matope yake ya Kyerwa yakidondoka, ikapita kiuno, ikapita mabega, ikapita vichwa. Akaikalisha kwenye meno. Akaingia chini.

Na umeme ukakatika.

Mota ikanyamaza, taa ikazimika. Fulgensi alimwita dada yake kwa jina lake lote la ubatizo. Hakuna aliyesogea. Sisi tulikuwa tunatazama sakafu, tukingoja zege lipasuke palipokuwa mashimo. Pikapu ilikaa pale juu kama imejengwa.

"Iko kwenye meno," Grasiana alisema kutoka chini. "Umeme ni wa kupandishia tu, kaka. Njoo uone bushi hii ilivyokwisha."

Fulgensi aliingia ameinama, karibu atambae, mkono kichwani. Mimi nikamfuata, na mimi nimeinama, kwa sababu ndivyo mtu anavyoingia chini ya gari, sijui namna nyingine. Grasiana alikuwa amesimama wima, mgongo umenyooka, mikono juu, anafungua nati kama mtu anayechuma parachichi. Akatutazama huko chini tulikokunjana akaanza kucheka.

"Mama, simama. Kaka, simama. Pana nafasi."

Tukainuka polepole, kila mmoja akingoja kugonga kichwa. Hatukugonga. Fulgensi alitazama juu akageuka huku na huku, kisha akamwuliza dada yake anataka spana namba ngapi.

Sasa kama ulikuwepo siku hizo na umeona nimemwacha mtu, au nimempa Anaklet pikapu ambayo ilikuwa ya Nestori, au shimo la mlango wa mbuzi nimelisogeza, usiende kusema pembeni. Njoo hapa Kamuli uniambie, nitalifuta niliandike sawasawa. Na ukikuta gari liko juu, ingia tu, usiiname.